MREJESHO: Bekapu zimefika Chake Chake

Wakuu, niliuliza namna ya kuhamisha bekapu za TB 6 kutoka seva kongwe ya ofisini Mjini Unguja hadi mpya ya Chake Chake, kwa intaneti ya kupandisha megabiti 20 kwa sekunde. Aliyenipigia hesabu ya karibu siku 28 mfululizo, umeme usikatike, alinimaliza. Basi nikazinakili kwenye diski, ikapanda boti hadi bandari ya Mkoani, Pemba, nimeipakata kama mtoto mchanga.

Aliyesisitiza diski iwe ext4 na si exFAT (mifumo ya kupanga faili diskini), Mungu ampe umri. Bekapu zetu ni za rsync (programu ya kunakili faili): faili lisilobadilika hukaa mara moja tu diskini, ila lina jina katika folda ya kila siku. exFAT haiwezi hilo. Na hata kwenye ext4, ukinakili kwa rsync bila -H (swichi ya kutunza majina hayo kama faili moja) kila jina linageuka faili kamili, TB 6 zinafumuka mpaka diski inajaa.

Vilivyoongezeka baadaye vikapita mtandaoni usiku. SHA-256 (alama za kuhakiki kuwa faili hazikubadilika) za pande zote zimelingana, alhamdulillahi. Bosi anataka seva kongwe izimwe leo leo; nimemwambia isubiri kwanza turejeshe faili kadhaa kutoka huku Pemba.