Yule jamaa yenu mnayemjua: "Si angemtumia meseji tu?" KWELI KABISA??

Wakuu, mikono inanitetemeka hapa, herufi zikikosewa mnisamehe. Simtaji jina. Simtaji kwa sababu mnamjua, kila aliyewahi kukaa mbele ya skrini moja na kiumbe yule anamjua, yule ambaye majina ya waigizaji hayajaisha kupita kashaanza "huyu ndo mbaya wao?", yule ambaye steringi akikohoa tu anatangaza msiba, yule yule, msijifanye mnauliza nani.

Leo nimemfungulia The Constant. Sikumpa sizoni nzima, sikumpa kazi ya nyumbani, nimempa episodi MOJA, ya tano sizoni ya nne ya tamthilia ya Lost, ile ya Februari 2008, ambayo mimi nikizimia msinimwagie maji, niwekeeni ile simu tu nitaamka mwenyewe.

Robo saa nzima namuelezea. Desmond akili yake inaruka, sasa hivi yuko jeshini Scotland 1996 sajenti anamfokea, kufumba na kufumbua yuko melini 2004 na hamjui hata aliyesimama naye. Damu ikianza kumtoka puani ujue siku zinahesabika, Minkowski wa chumba cha redio kaondoka hivyo hivyo mbele yake. Dawa ni moja, apate mtu mmoja anayemjua huku na huku, wa kuishikilia akili yake isipeperuke. Na huyo mtu ni Penny, ambaye yeye mwenyewe ndiye alimuacha. Kwa hiyo 1996 anaenda kumgongea, Penny hataki hata kumwona, naye haombi msamaha wala nini, anaomba namba ya simu. Anamwambia sitapiga leo wala kesho, nitapiga mkesha wa Krismasi 2004. Miaka NANE. Nikamgeukia nikamuuliza, ungekuwa wewe ungempa namba?

Akasema "ningempa ya uongo."

Nikameza. Hapo ndipo nilipokosea, ningezima pale pale.

Tukafika. Mwenzake Sayid kaunga nyaya, umeme wa kile kisimu unaelekea kuisha, Desmond anabonyeza namba, inaita. Chumbani mimi sipumui. Inaita tena. Mwenzangu kainama mwanga wa simu yake umemjaa usoni kama maiti. Inaita tena, wakuu, miaka nane iko kwenye ule mlio, haijulikani kama mwanamke kaitunza namba au kaitupa siku ile ile, na hapo hapo, JUU ya ule mlio, yule kiumbe anapiga mwayo, ule wa kufunguka mpaka kimio unakiona kinacheza, halafu anasema:

"Si angemtumia meseji tu?"

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma nikijua labda hajasikia vizuri. Inaita. Inaita tena. "Au hana salio?"

HANA SALIO.

Penny kapokea, wanasema nakupenda-nakupenda kwa pamoja mpaka maneno yanagongana, laini inakatika, Sayid anaomba radhi kwamba ndo mwisho, na Desmond anamwambia ilitosha. Mimi sijasikia hata neno. Nilikuwa nafikiria meseji. Penny angejibu nini? "K"?

Naombeni mnisaidie. Siombi ushauri. Nataka mumtukane tu.

Nyundo ya Mpira:
Nimefungua uzi mbio nikadhani umeibiwa.

Sikio la Kufa:
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

bi_kizunguzungu:
NAMJUA na mimi simtaji. Kwangu alikuja na Squid Game, ile ya sita, ya gololi. Yeye kashaimaliza, mimi ndo mara ya kwanza. Ali anamwamini Sang-woo kama kaka yake wa tumbo moja, kavishwa kifuko chake cha gololi shingoni anaondoka zake anatabasamu, mimi nimekumbatia mto nasema hawa wote wawili wanapona, na mtu pembeni bila hata kunitazama: "mle ndani ni mawe." Yaani nimejua kabla ya Ali!! Ali mwenyewe alikuwa bado hajafungua!! Nikaangalia dakika zote zilizobaki namwonea huruma mtu kwa kuwahi.

Nyundo ya Mpira:
hahahaa "nimejua kabla ya Ali"

mwanagenzi_wa_kisiwa:
Samahani mleta uzi, mimi niko sizoni ya PILI ya Lost. Ya pili. Nilikuwa hata sijui kuna meli. Sasa najua kuna meli, kuna simu, imepokelewa na wamesema wanapendana. Umeweka onyo wapi?

Mleta uzi:
Ni ya 2008 ndugu yangu, angekuwa mtoto angekuwa anaota ndevu.

mwanagenzi_wa_kisiwa:
Kwa hiyo wewe na huyo jamaa yako mmetofautiana nini? Yeye kasema meseji, wewe umenitumia.

Sikio la Kufa:
Uwiii. Mpeni mtu maji.

Tajiri wa Usingizi:
Simtetei mtu. Ila kwa utulivu kabisa, kwani angetuma meseji kingeharibika nini?

Mleta uzi:
NI WEWE.

Tajiri wa Usingizi:
Siyo mimi mkuu, mimi ningekuwa nimelala tangu kwa sajenti.

Mleta uzi:
Mwayo nauona mpaka kwenye maandishi. Meseji haiiti!! Ndo hoja yenyewe hiyo! Yule alisubiri ule mlio miaka nane, meseji ingemsubirisha nini, vitiki viwili?

Kocha Mstaafu:
Afadhali wako kasema neno moja akanyamaza. Mimi nina wangu, naye mnamjua, aliniambia mbele za watu kwamba Fly ni episodi ya kujazia nafasi. FLY. Breaking Bad sizoni ya tatu, ya kumi, 2010, watu wawili na nzi mmoja maabara nzima, na waliifungia mle ndani kwa sababu hela zilikuwa zinabana, halafu kwenye ule ufinyu ndo wakatoa kitu ambacho wenye bajeti za kuchoma magari hawajakipata. Hebu kumbukeni pale Jesse kapanda juu ya ngazi inayoyumba anamtafuta nzi darini, Walt kaishika ile ngazi chini, Jesse kamwekea dawa za usingizi kwenye kahawa bila kumwambia, ulimi wa Walt unalegea, na anaanza kumzungumzia Jane, yule mpenzi wa Jesse ambaye Walt alimwangalia akifa bila kumwokoa. Anakaribia kulisema lile jambo. Analikaribia kabisa. Na aliyeishika ngazi ya Jesse ni yeye! Mimi kila nikiiona nashika kiti. Mtu anakuja kuniambia "hapo hakuna kilichotokea". Nikamwambia shuka kwenye gari langu.

Sikio la Kufa:
Fly ni takataka. Nzi kashinda.

Kocha Mstaafu:
Rudia.

Sikio la Kufa:
Watu wazima wawili wenye maabara ya kemikali wanahangaika na nzi mmoja. Wana kila sumu mle ndani isipokuwa ya nzi.

Kocha Mstaafu:
Wewe si ndiye unayeapa kwa Ozymandias, ile episodi nyingine ya Breaking Bad, kila wiki humu? Nani kaiongoza Ozymandias? Rian Johnson. Fly nani kaiongoza? Rian Johnson huyo huyo, miaka mitatu kabla. Sema kitu sasa.

Sikio la Kufa:
Alijirekebisha.

Nyundo ya Mpira:
Kocha kafa jamani, nani anaenda kumtoa

Mleta uzi:
NYONGEZA: kaniandikia sasa hivi. Kwa MESEJI. Nanukuu yote: "oya yule panya alikufaga?" Wakuu, kwenye episodi nzima, mtu kapoteza miaka nane, mapenzi yamevuka bahari na muda, alichoondoka nacho huyu ni panya wa majaribio wa yule mwanasayansi Faraday.

bi_kizunguzungu:
Alikufa lakini?

Mleta uzi:
Alikufa. SIYO HOJA.

Babu Antena:
Vijana mnapenda kelele. Nendeni 1959, Twilight Zone, yule karani wa benki mwenye miwani mizito kama vizibo vya chupa. Anachotaka duniani ni kusoma tu. Bosi hataki, mke hataki, mke anamchorachora kitabu cha mashairi kurasa zote asipate hata mstari. Siku moja kajificha kwenye chumba cha kuhifadhia hela anasoma, bomu linapiga, akitoka hakuna mtu, hakuna bosi, hakuna mke, kuna maktaba imebomoka na vitabu vimezagaa. Anavipanga kwenye ngazi kwa mafungu, mwezi huu hivi, mwezi ujao hivi. Anainama kuokota kimoja cha mwisho. Miwani inadondoka. Imeisha hiyo, haifiki hata nusu saa, hakuna sizoni nane za kumjua huyu alizaliwa wapi.

Nyundo ya Mpira:
Si angemtumia mtu meseji tu?

Babu Antena:
Nani kabaki wa kuipokea?

Tajiri wa Usingizi:
Penny

Mama Wawili:
Mimi yangu ni Fresh Prince ya 1994, baba yake Will karudi baada ya miaka 14 na anaondoka tena siku hiyo hiyo waliyopanga kusafiri pamoja. Kijana anajifanya hajali, anasema nitajifunza hiki bila yeye na kile bila yeye, nitazaa wangu, halafu pumzi inakata katikati anauliza kwa nini hanitaki. Uncle Phil anamvuta kifuani, kofia inadondoka, kamera inashuka kwenye kile kinyago alichomnunulia baba yake, baba kamkumbatia mtoto. Mume wangu akaingia pale pale kuuliza chaja iko wapi. Atakayesema meseji kwenye hii namripoti kwa mods, sitanii.

Sikio la Kufa:
Hapa hapana, hapa tuko kimya.

Nyundo ya Mpira:
Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kibonyezo nikaurudisha.

Taa ya Nje:
Mnazungumzia kuharibiwa na watu, mimi niliharibiwa na giza. Game of Thrones, sizoni ya mwisho, ile vita ya usiku ya 2019. Nimengoja miaka, nimezima taa, nimefunga mapazia, sioni kitu. Nikaona wale wapanda farasi na panga zao za moto wanakwenda, moto unazimika mmoja mmoja mpaka kimya, hapo sawa, nikasema wamepatia, inatisha. Baada ya hapo ni mimi na sura yangu kwenye kioo cha TV kwa zaidi ya saa nzima. Nikapandisha mwanga wote. Nikafuta vumbi. Nikavaa miwani. Halafu mpiga picha wao anakuja kusema kosa ni la watu hawajui kurekebisha TV zao. TV YANGU INAONYESHA VITU VINGINE VYOTE.

Kocha Mstaafu:
Nakazia. Niliuliza "huyo aliyekufa nani" hadi nikajichukia, nikawa yule jamaa wa mleta uzi.

mwanagenzi_wa_kisiwa:
Game of Thrones nayo sijamaliza.

Taa ya Nje:
Hakuna ulichopoteza, hata sisi tulioangalia hatujaiona.

Mzee wa Flashi:
Nyie wote hamjaumia. The Sopranos, ile ya mwisho kabisa, 2007. Nimekopiwa kwenye flashi na rafiki yangu. Familia imekaa kwenye mgahawa, muziki unapiga, binti yao Meadow huko nje anahangaika kuegesha gari, anaingiza anatoa, anaingiza anatoa, mimi jasho linanitoka kwa sababu ya GARI, kengele ya mlango inalia, baba mtu Tony anainua macho, kiza. Kimya. Nikasema aha, faili limekatika. Nikaenda usiku ule ule kwa yule rafiki nikamwambia wewe ni mzembe, unampa mtu kitu kizima kinakosa dakika ya mwisho. Akaapa. Akanikopia upya. Nikarudi. Kiza pale pale. Nikarudi tena kwake, nikasema maneno ya wazazi wake.

Nyundo ya Mpira:
weeee

Mzee wa Flashi:
Ndo ilivyotengenezwa. Inakata hivyo. Nilikuja kujua baada ya miezi. Hadi leo tukipishana anaangalia simu.

bi_kizunguzungu:
Mtumie meseji basi.

Mleta uzi:
Jamani tulikuwa kwenye simu ya Desmond. Inaita pale. Miaka nane.

Kocha Mstaafu:
Sasa Mzee wa Flashi, Tony alikufa au hakufa?

Mzee wa Flashi:
Kafa. Yule bwana aliyepita kwenda chooni ndiye.

Taa ya Nje:
Hajafa, mtu kaenda zake kukojoa mnamsingizia.

Babu Antena:
Kafa.

Mleta uzi:
Halloo?

Sikio la Kufa:
Hajafa. Na Fly bado ni takataka.