Mkono hauinuki baada ya kukatwa titi

Mama Kisauni: Dada zangu, nilimaliza kemo, dawa za saratani ya titi, kabla ya Ramadhani, kisha nikakatwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Mrija wa kutoa maji kidondani ushatolewa, kidonda kimekauka. Lakini mkono haufiki hata rafu ya viungo jikoni, na chini ya kwapa pamekufa ganzi. Nyumbani hawaniachi hata kukunja leso. Mkono utarudi kweli?

Bi Likoni: Pole sana mwenzangu. Wangu ulirudi. Nilikuwa nasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kama mjusi, natia alama ya penseli vilipofika. Kuvuta utakuhisi, maumivu makali ndiyo yakusimamishe. Leso kunja, waambie mie nimesema! Kukuna nazi na kubeba ndoo waachie kwanza. Ganzi ilipungua, haikuisha yote.

Muuguzi Tudor: Dada, kama utapigwa mionzi, utalala mkono ukiwa juu ya kichwa, kwa hiyo mazoezi usiyacheleweshe. Muombe daktari akupeleke kwa fiziotherapia, wanaofundisha mazoezi ya viungo. Presha pimwa na damu toa mkono wa kulia. Ukijikata ukiparua samaki, osha papo hapo. Mkono ukivimba, bangili ikibana, au ngozi ikiwa nyekundu na homa juu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama Kisauni: Ahsanteni, nimelia kidogo. Na sidiria, kwa joto hili letu?

Bi Likoni: Bado. Vaa dera pana. Kovu likitulia, shona kifuko cha pamba laini ukitie ndani ya sidiria isiyo na waya. Njoo inbox nikupe kipimo.