Acheni kuwauzia wageni tangi na samaki siku moja! Nimezika samaki 13

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, mnivumilie. Ndani ya wiki nne nimezika samaki 13. Wa mwisho binti yangu alimtoa mwenyewe kwa kile kiwavu kidogo, akakaa naye kiganjani, kisha akaniuliza, "Baba, tulimkosea nini?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, nimelitafuta kwa kukesha nikisoma, na kila ninapolikumbuka damu inachemka, kwa sababu aliyeniuzia alikuwa nalo tangu mwanzo.

Nilipoingia dukani nilisema wazi kwamba sijawahi kufuga samaki hata siku moja. Nikaomba anipangie samaki wa kuanzia, wa maji yasiyo na chumvi, wanaoweza kuishi pamoja kwenye tangi dogo. Nikatoka na tangi la lita 54, filta ya kuchuja maji, hita ya kuyapasha joto, kokoto za rangi, kopo moja la chakula na mifuko yenye samaki 16: neoni tetra 6, gapi 4 (madume 2, majike 2), koridorasi 2, goldifishi 2, beta dume 1, na pleko mmoja wa urefu wa kidole. Mnaofuga, someni tena hiyo orodha polepole. Mimi sikuichagua. Imepangwa na mtu anayeishi kwa kazi hii.

Maelekezo yalikuwa haya: jaza maji, tia matone ya kuondoa klorini (dawa iliyomo kwenye maji ya bomba), subiri nusu saa, waachie. Lisha asubuhi, mchana na jioni. Basi.

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yaliyotiwa maziwa kidogo. Siku ya tano neoni walipanda juu wote sita, midomo kwenye uso wa maji, mashavu yakipiga haraka haraka kama mtu aliyekimbizwa, na pampu ya hewa inatoa mapovu kama kawaida. Nilidhani wana njaa. Nikawaongezea chakula! Siku ya sita wakafa wawili.

Nikarudi dukani. Akasema maji ni machafu, nikamwage yote, nifue sponji ya filta kwenye bomba mpaka ing'ae. Nikafanya neno kwa neno. Mpaka siku ya 13 walikuwa wamekufa neoni wote, gapi jike mmoja na koridorasi mmoja. Nikarudi mara ya tatu. Akanitazama usoni, akaniambia neoni ni samaki laini, chukua wengine 6. Hakuuliza tangi lina siku ngapi. Hakuuliza maji yamepimwa au la. Akavua sita, akafunga mfuko, akapokea hela yangu. Siku nne baadaye watano walikuwa wameelea.

Sasa nielezee kilichotokea, kwa ajili ya mgeni atakayesoma hapa kabla hajaingia dukani.

Samaki hutoa amonia, nyingi yake ikipitia kwenye mashavu yake anapopumua. Kinyesi na chakula kinachooza navyo huzalisha amonia. Hiyo ni sumu, tena huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto au yenye alkali nyingi. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo, na wewe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hawaji na tangi. Hawamo kwenye chupa ile ya matone. Wanaota wenyewe, na kwa kawaida huchukua kati ya wiki 4 na 6 kuwa wengi wa kutosha. Wengi wao hukaa kwenye sponji ya filta, kwenye kokoto na kwenye vioo, siyo ndani ya maji yenyewe.

Kwa hiyo nilipoambiwa nifue sponji kwenye bomba, niliambiwa niwaue wale wachache waliokuwa wameanza kuota. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria! Nilisimama pale kwenye sinki nikaikamua ile sponji mara nne, tano, mpaka maji yakatoka bila tope, nikiona fahari kwamba nafanya kazi safi. Sponji inasuuzwa ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, unaikamua kidogo tope litoke, unairudisha. Maneno hayo yangemgharimu sekunde kumi.

Na wale neoni waliokuwa wakitafuta hewa juu? Amonia huunguza mashavu ya samaki, na nitriti ikifuata huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, kiasi kwamba damu yenyewe hugeuka rangi ya kahawia. Pampu inaweza kujaza hewa tangi zima na samaki bado akakosa pumzi.

Nilinunua vipimo vya maji baada ya mazishi ya pili. Vya matone, unahesabu matone ndani ya kichupa, unatikisa, unalinganisha rangi. Amonia ilipaswa kuwa 0. Kichupa kiligeuka kijani kizito, miligramu 4 kwa lita. Nilikaa nikikitazama kile kichupa. Nikaanza kubadilisha theluthi ya maji kila siku, maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi, na nikapunguza chakula hadi mara moja kila siku ya pili. Ndipo vifo vilipokoma.

Nije kwenye chakula, maana hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Kulisha ndicho kitu pekee mgeni anachokifanya kila siku kwa mkono wake, na ndicho tunachofundishwa ovyo kuliko vyote. Samaki ni mnyama wa damu baridi, hatumii chakula kuupasha mwili joto kama sisi. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Lakini kila ukisogea kwenye kioo anakuja mbio, anachezesha mkia, na mtoto anasema ana njaa, na wewe huruma inakushika. Mimi nilikuwa natupia kibano kizima cha vidole mara tatu kwa siku. Vile vipande vilivyobaki vilikuwa vinalowa, vinazama, vinaingia katikati ya kokoto. Siku niliyoinua kokoto kwa kijiko nilikuta chini yake rojo la kijivu lenye manyoya meupe ya ukungu, na harufu yake ilinifanya nirudi nyuma. Hiyo ndiyo amonia niliyokuwa nikiipika kila siku, asubuhi, mchana na jioni, kwa maelekezo ya dukani.

Lisha kiasi kinachokwisha chote ndani ya dakika 2. Mara moja kwa siku inatosha, mara mbili kama kila mara ni kidogo kweli. Siku moja ya wiki usilishe kabisa. Kikibaki, kitoe.

Tena siyo kila mmoja anakula mahali pamoja. Gapi anakula juu, mdomo wake umeelekea juu. Neoni anakula katikati, na kinywa chake ni kidogo mno, kwa hiyo kipande kizima hakimfai mpaka ukisage kwa vidole kiwe kama unga. Koridorasi anakula chini. Huyu niliuziwa kama "mfagiaji", eti anakula uchafu wa wenzake. Uongo! Koridorasi hali kinyesi cha samaki wenzake. Anataka chembe zinazozama, chakula chake mwenyewe, ziwekwe jioni taa zikizimwa ili gapi wasimnyang'anye. Na anatafuta chakula kwa kupekua chini kwa vile vindevu vyake, kwa hiyo anahitaji mchanga laini. Kokoto zangu za rangi zilikuwa na kingo kali. Yule aliyebaki vindevu vyake vimelika upande mmoja, mpaka leo ukimtazama kwa karibu unaona.

Kuhusu kuwachanganya, sitamaliza wote, ila goldifishi na pleko lazima niwaseme. Goldifishi wa kawaida hupita sentimita 20, huweza kuishi zaidi ya miaka 10, anachafua maji kuliko samaki wote wadogo niliowataja, na anapendelea maji ya ubaridi kuliko neoni na gapi. Lita 54 kwa wawili ni mateso. Akikua, neoni anamtosha kinywani. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30. Sentimita thelathini! Tangi langu lina urefu wa sentimita 60. Kuna kanuni inayozunguka ya sentimita moja ya samaki kwa kila lita, na muuzaji aliitumia kunihesabia. Samaki hapimwi kwa rula pekee. Goldifishi mmoja wa sentimita 15 ana mwili wa kundi zima la neoni, na hauhesabiwi udogo alionao leo, unahesabiwa ukubwa atakaoufikia.

Beta dume alimkatakata gapi dume mkia kwa sababu mkia mrefu wenye rangi anauona ni wa mpinzani wake. Sasa beta anakaa peke yake. Gapi nao unatakiwa uweke majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo madume yanawakimbiza majike bila kupumzika. Na jike huzaa karibu kila mwezi, vifaranga vilivyo hai, na huweza kuendelea kuzaa hata dume asipokuwepo kwa sababu huhifadhi mbegu mwilini. Hilo nalo sikuambiwa, mpaka nilipoona vitu vidogo kama ncha ya sindano vyenye macho vikijificha nyuma ya filta.

Neoni ni samaki wa kundi. Wanatakiwa wawe 6 au zaidi. Mimi nimebaki na mmoja. Anakaa nyuma ya hita kutwa nzima, ule mstari wake wa bluu umefifia, akitoka kula anatoka mara moja na kurudi. Siwezi kumwongezea wenzake mpaka nijiridhishe na maji, na kila siku ninayomwona pale ninajua nilitakiwa nisimlete.

Kwa hiyo ninyi wauzaji mliomo humu, na najua mmo, ninawauliza na ninataka jibu: mnashindwa nini kumwambia mteja achukue tangi leo, aliendeshe likiwa na maji bila samaki, atie chembe ya chakula kila siku chache ili amonia iwepo na bakteria waote, apime, na arudi kuchukua samaki amonia na nitriti zikisoma 0? Mteja huyo atarudi. Atanunua samaki wachache, wataishi, atanunua wengine, atanunua mimea, atanunua vipimo. Mimi nisingerudi kwako hata kwa bure.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Ndugu aliyeandika kwamba ni samaki tu, ninunue wengine: hapana. Alikuwa na uhai, na jukumu nililichukua mimi nilipomtoa kwenye mfuko. Ndugu mwingine amesema ningesoma kwanza. Ni kweli, na lawama hiyo naibeba. Lakini nilimuuliza mtaalamu ana kwa ana, na mtu anayeuliza anastahili kujibiwa. Wewe ukienda kwa daktari ukapewa dawa isiyo yako, hakuna atakayekuambia ulipaswa kusomea udaktari kwanza.

Mkuu aliyeuliza hali ya sasa: ni wiki ya 10. Goldifishi wawili wamepata bwawa la mtu ninayemwamini. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, joto nyuzi 25. Kipimo cha asubuhi hii ni amonia 0, nitriti 0, nitrati 20, na imekuwa hivyo kwa siku tisa mfululizo. Ikifika wiki mbili nitaongeza koridorasi, siyo wote kwa mpigo, na kokoto tayari nimezibadilisha kwa mchanga, nusu kwa nusu, ili nisiwavuruge bakteria. Neoni watafuata baadaye, kundi lao. Pleko bado ninaye, amefika sentimita 9, na kila wiki namwona amekua. Mwenye tangi kubwa kweli, la lita mia kadhaa na siyo "karibu mia", anitumie ujumbe. Nitaomba picha ya tangi na vipimo vya maji kabla sijamkabidhi kwa mtu yeyote.