Siku ya 12 bila sigara: gumzo la Familia ya Kitongoni

*Jumamosi*

05:51 Hamisi: Mwakeye wote. Baba mdogo shikamoo. Samahani naandika mapema, usingizi umenikimbia tangu saa nane. Leo siku ya 12 sijagusa sigara. Kifua kimekuwa chepesi, kwa hilo namshukuru Mungu. Ila kichwa, jamani, kichwa si changu. Nina mawenge kutwa nzima. Jana mteja wa Tabora kapakiwa magunia 34 ya dagaa, na tulikubaliana 43. Nikafungua daftari: 34, mwandiko wangu mwenyewe, tena nimepigia mstari mara mbili. Miaka 20 hapa Kibirizi, Kigoma, sijawahi kumpunja mtu hata gunia moja.

05:53 Mama Zuhura: Kumbe uko uani unaandika, mimi nakupapasa kitandani

05:54 Mama Zuhura: Na Jumanne nilimtuma mawese akarudi na chumvi. Nilipomuuliza hakujibu, akakaa tu kwenye mkeka anaangalia ile chumvi. Niliogopa jamani

06:10 Mzee Kassim: Marahaba mwanangu. Pole sana. Ngoja nitafute miwani nikuandikie

06:22 Juma: Shikamooni wote. Mjomba, vuta moja tu kichwa kifunguke, ufunge hesabu za watu, halafu unaendelea na kuacha kwako. Sisi huku Katonga usiku ziwani ndo inayotuweka macho

06:24 Hamisi: Juma, hicho ndicho ninachowaza tangu jana jioni. Moja tu ya kuhesabia.

06:24 Zuhura: Baba hapana 😢

06:31 Rehema: Kaka usivute, nakuomba. Nipo zamu, natoka saa moja. Kwanza nijibu: ulimi hauwi mzito ukiongea? Mikono yote miwili ina nguvu? Presha na sukari umepima lini?

06:34 Mama Zuhura: Anaongea vizuri wifi, na jana kabeba ndoo mbili za maji. Alipima Jumatano, presha 126/80, sukari kabla hajala 5.1

06:35 Rehema: Alhamdulillahi. Ingekuwa ulimi mzito au upande mmoja umelegea ningesema hospitali sasa hivi, msisubiri gari la mtu. Nakuja.

07:18 Rehema: Haya nimetoka. Kaka, soma taratibu, na ukichoka mwachie wifi akusomee.

Hiyo ni arosto, mwili unadai ulichozoea. Watu wanadhani arosto ni ya unga peke yake, lakini ya sigara ipo na inashika kichwa hasa. Kushindwa kutuliza akili ni moja ya dalili zake zinazojulikana kabisa, pamoja na hasira, kukosa usingizi na njaa. Inaanza ndani ya siku ya kwanza, inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, halafu inashuka. Wengi wanaona nafuu kati ya wiki 2 na 4. Wewe upo siku ya 12, mlima mkubwa umeshaupanda.

Ubongo una vipokezi ambavyo nikotini, kile kilevi cha sigara, inakwenda kukaa. Ukivuta miaka mingi vinaongezeka, kama nyumba iliyozoea wageni ikaongeza viti. Sasa wageni hawaji, viti vipo vitupu, na ubongo unahangaika. Wataalamu wamepiga picha za ubongo wa walioacha wakaona vipokezi vinarudi kama vya asiyevuta ndani ya wiki 6 hadi 12 hivi. Kwa hiyo akili yako haijaharibika kaka. Inajirekebisha.

Juma mwanangu, usiudhike na mama yako mdogo. Ni kweli moja ingemfungua kichwa. Lakini nikotini ikiingia kwenye damu, baada ya saa 2 nusu yake imeshatoka. Mvutaji akilala usiku kucha anaamka yumo kwenye arosto, akivuta ya asubuhi inatulia, anasema sigara inanipa akili. Inamrudishia alichokuwa nacho Zuhura alipoamka leo bila kuvuta chochote. Na moja ya leo inazaa ya saa sita, na ya saa kumi. Siku 12 zote zinapotea hapo.

07:26 Rehema: Swali lingine. Kahawa unakunywa ngapi?

07:29 Hamisi: Ile chungu ya kijiweni. Zamani vinne, sasa hivi hata vinane, kwa sababu ya mawenge.

07:31 Rehema: Basi na usingizi umekwenda hapo. Moshi wa sigara unalifanya ini liisage haraka kafeini, ile ya kwenye kahawa inayokuweka macho. Si nikotini, ni moshi wenyewe. Ukiacha, ini linapunguza mwendo, kahawa inakaa mwilini muda mrefu. Vinne vya sasa ni kama vinane vya zamani, na wewe umeongeza tena! Ndiyo maana unaamka saa nane, na asiyelala atahesabuje? Rudi viwili, vyote kabla ya adhuhuri.

07:33 Mama Zuhura: Na chai yangu ya jioni nayo?

07:34 Rehema: Mpe uji wifi. Na kama kuna dawa anameza kila siku niambie, maana zipo ambazo dozi inabadilika mtu akiacha kuvuta.

07:35 Mama Zuhura: Hana dawa yoyote

08:02 Mzee Kassim: Nimeipata miwani. Hamisi, mimi niliacha mwaka 1998, wewe ulikuwa kijana. Wakati ule nashona pale Ujiji. Wiki ya kwanza nilikata mikono miwili ya kanzu, yote ya kulia. Kitambaa cha mtu, cha Idi. Nilikaa nikalia kwenye cherehani. Hakuna aliyekuja kuniambia haya anayokwambia Rehema, nilidhani nimerogwa. Mwezi wa pili nikashtukia nakata kanzu nzima bila kurudia kupima. Sikuona siku ilipoondoka, niliona tu kwamba haipo.

Nikuulize. Ukihesabu magunia, sigara ulikuwa unaiwasha wakati gani?

08:09 Hamisi: Baba mdogo, sijawahi kujiuliza hilo

08:15 Hamisi: Kila kumi. Vijana wakipitisha magunia kumi nasema simama, nawasha, wanapumzika, tunaendelea. Jana hakukuwa na pa kusimama. Yalikuwa yanapita tu mbele yangu kama maji.

08:17 Mzee Kassim: Umejijibu. Ile sigara ilikuwa alama yako ya kumi. Tafuta alama nyingine. Mimi nilikuwa napima, nachora chaki, naweka chaki chini, nakunywa funda la maji, ndipo nashika mkasi. Na usihesabu peke yako mwezi huu. Kuwa na mtu wa pili kando yako si aibu.

08:20 Juma: Babu nakuja mimi. Mbalamwezi imekuwa kali, boti hazitoki wiki hii. Mjomba nisamehe kwa lile neno la asubuhi. Sitakuja na pakiti

08:21 Hamisi: Njoo mwanangu, hujanikosea.

08:40 Rehema: Kaka, hesabu nzito zifanye asubuhi kichwa kikiwa na nguvu, mchana pokea simu na uongee na wateja. Hamu ikikushika, ondoka uliposimama, tembea mpaka majini urudi, mara nyingi inapita ndani ya dakika chache. Zipo bigijii na bandiko za nikotini zinazosaidia, huku sijaziona madukani, nitaulizia. Na ukiona moyo unakuwa mzito, unalia au hutaki kuona watu, usininyamazie. Nipigie hata usiku.

*Jumapili*

13:12 Hamisi: Yale 9 ya mteja wa Tabora yamepakiwa. Nilimpigia nikamweleza ukweli, akanyamaza kidogo, kisha akasema na yeye anatafuta namna ya kuacha. Tumeongea nusu saa.

13:15 Hamisi: Baba mdogo, nimeokota makokoto pale ufukweni. Kila magunia kumi nasema simama, kokoto moja linatoka mkono wa kushoto linaingia mfukoni, vijana wanakunywa maji. Leo makokoto 5 na magunia 2 juu yake. Juma naye kahesabu upande wa pili bila kuniangalia, kapata 52.

13:16 Zuhura: Babaaa 👏👏👏

13:20 Mzee Kassim: Alhamdulillahi.

13:21 Hamisi: Mawenge bado yapo, nisiseme uongo. Saa nne nilisahau jina la kijana niliye naye miaka sita. Ila leo sikuogopa, nikamwambia ngoja, litakuja, na likaja.

21:46 Mama Zuhura: Wifi, kahawa viwili tu, na uji kamaliza. Amelala tangu saa tatu. Makokoto nimeyakuta kwenye mfuko wa suruali, nimeyaweka juu ya daftari asubuhi ayaone