Sarafu sita za dhahabu za bibi wa marehemu: niuze kwa uzito au nisubiri?

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Wapendwa, habari za siku nyingi. Asanteni kwa rambirambi na mchango mliotuma kwenye msiba wa Baba Neema. Mungu awarudishie palipopungua.

Nina jambo naomba ushauri. Juzi nilikuwa napanga vitu vya marehemu, nikakuta kopo la tumbaku, ndani yake kitambaa, na ndani ya kitambaa sarafu sita za dhahabu. Wifi yangu anasema zilikuwa za bibi yao, alizificha tangu miaka ya thelathini. Kwenye mirathi ziko upande wangu, hilo halina mgogoro. Tatu ni za dola 20: mbili za mwaka 1904, moja ya 1876. Kuna ya dola 10 ya 1901, ya dola 5 ya 1909, na kadogo kabisa ka dola mbili na nusu, ka 1911.

Nilizipeleka kwenye duka moja la kununua dhahabu hapa mjini. Kijana akazimimina zote pamoja kwenye mizani, akaandika gramu 129.5, karati 18, akaniambia dola 7,500 taslimu na kwamba ofa ni ya leo tu. Mwaka wa sarafu hakuutazama hata mmoja. Moyo ukasita, nikafunga kitambaa changu nikaondoka.

Sasa, je, ile bei ni ya haki? Dada mmoja kanisani amenitisha kuwa serikali ya hapa Marekani ilipiga marufuku dhahabu hizi na zinaweza kutaifishwa. Mdogo wangu aliyeko Muscat anasema nimtumie, masonara wa huko watatoa zaidi. Na je, nizisafishe kwanza? Moja ya zile za 1904 nimeisugua kwa dawa ya meno, imeng'aa kama jana. Zilizobaki bado ni chafuchafu.

Kutoka: Idi, Houston

Mama Neema, weka hiyo dawa ya meno chini sasa hivi. Usisugue nyingine hata moja, hata kwa kitambaa laini. Nakuombea Mzee Kombo aione barua hii, yeye ndiye mwenye mambo haya.

Kutoka: Mzee Kombo, Dallas

Mama Neema, pole tena mwanangu. Nimekusanya sarafu za Marekani kwa miaka ishirini na kidogo, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Nianze na kijana wa mizani. Sarafu za dhahabu za Marekani za miaka hiyo zote ni dhahabu asilimia 90 na shaba asilimia 10, sawa na karati 21.6, dhahabu safi ikiwa karati 24. Hilo ni sheria ya sarafu, wala si siri ya mtu. Aliyeandika karati 18 amekukata dhahabu kabla hajaanza kukukata bei. Ya dola 20 ina uzito wa gramu 33.436, na dhahabu halisi ndani yake ni wakia 0.9675 (wakia ya dhahabu ni gramu 31.1). Ya dola 10 ina nusu ya hiyo, ya dola 5 robo, ya dola mbili na nusu thumuni. Jumla yako ni karibu wakia 3.75. Wakia moja ikiwa dola 3,000, dhahabu peke yake ni kama dola 11,250. Sasa chukua gramu 129.5, zihesabu kama karati 18, lipa asilimia 80 tu ya thamani: unapata karibu dola 7,500. Ndiyo hesabu aliyokupigia. Ulikuwa unapigwa mchana kweupe, na tena kabla hata ya kuuliza kama mojawapo ina thamani kuliko dhahabu yake.

Kuhusu serikali, usiogope. Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Roosevelt aliamuru watu warudishe dhahabu, wakati huo wakia ikiwa dola 20.67. Lakini amri ile ile iliruhusu kila mtu abaki na dhahabu ya dola 100, na ikaacha sarafu adimu za wakusanyaji. Bibi alikuwa na dola 77.50, kwa hiyo hata siku ile hakuwa mvunja sheria. Tangu tarehe 31 Desemba 1974 watu wako huru kumiliki dhahabu. Sarafu inayoshikiliwa na serikali hadi leo ni ya dola 20 yenye mwaka 1933, ambayo haikutolewa rasmi. Moja tu ya hizo ndiyo halali kwa mtu binafsi, na mwaka 2021 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 18.8 na ushei. Zako hazihusiki kabisa.

Sasa madaraja, yaani namba za hali ya sarafu, maana hapa ndipo pesa inapojificha. Kipimo ni cha 1 hadi 70. Alikibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba, baadaye kikatumika kwa sarafu zote. Sarafu iliyotumika kwa wastani sokoni iko kwenye 20 au 30 hivi, herufi zake VF. Iliyotumika kidogo ni EF, 40 na 45. Iliyogusika kwenye vilele tu, huku mng'ao wa kiwandani ukiwa bado upo, ni AU, kuanzia 50 hadi 58. Ambayo haikutumika kabisa ni MS, kuanzia 60 hadi 70. Watu wengi hudhani MS ni sarafu isiyo na mkwaruzo. Sivyo. Sarafu hizi zilisafirishwa kwenye magunia zikigongana, na nyingi zilikaa kwenye maghala ya benki za Ulaya kwa miongo kadhaa zikiwa malipo ya biashara kati ya nchi na nchi. MS 60 inaweza kuwa na makovu usoni kuliko AU 58. Tofauti ni kwamba ile ya 60 haikulika, kovu si kulika.

Ukitaka kujua kama imelika, simama chini ya taa moja, izungushe taratibu. Mng'ao wa kweli hutembea kama mwanga juu ya maji. Kwenye dola 20 zako angalia nywele za mwanamke juu ya sikio na kilele cha taji. Zikiwa na rangi ya kufifia tofauti na sehemu ya tambarare, hapo palisuguliwa na vidole. Kwenye ya dola 5 na ile ndogo angalia shavu la Mhindi Mwekundu na bega la tai. Hizo mbili zina ufundi wa pekee, picha imezama ndani ya sarafu badala ya kuinuka, kazi ya Bela Lyon Pratt kuanzia 1908. Kwa macho yangu ni kati ya sarafu nzuri kuliko zote nchi hii iliwahi kutoa.

Ile uliyosugua, mwanangu, imeshapata jeraha. Dawa ya meno ina chembechembe zinazochora mistari midogomidogo, na wapimaji wa madaraja wataiona chini ya lenzi. Haitapewa namba. Itaandikwa tu kuwa ni halisi na imesafishwa. Usijilaumu sana: ya 1904 ilipigwa kiwandani kwa mamilioni, ndiyo ya kawaida kuliko zote za aina yake, hasara yako ni ndogo.

Ninayoitaka ni ile ya 1876. Igeuze upande wa tai. Chini ya mkia, juu ya maneno TWENTY D., kuna herufi ya kiwanda kilichoipiga? Bila herufi ni Philadelphia. S ni San Francisco. CC ni Carson City, Nevada, kiwanda kidogo kilichopiga dhahabu ya machimbo ya magharibi. Na ile ndogo ya 1911, upande wa tai, chini kushoto mbele ya ncha za mishale, angalia kama kuna D ya Denver. Za 1911 zenye D zilipigwa 55,680 tu na wakusanyaji wanazigombania. Matapeli wanalijua hilo, huibandika D kwenye sarafu isiyo nayo. Nunua kioo cha kukuza mara tano au kumi, shika sarafu kwenye ukingo tu, juu ya taulo, kisha uniandikie.

Kutoka: Bi Mwanaisha, Toronto

Mzee Kombo, shikamoo. Nyumbani Mombasa bibi yangu alikuwa na pauni mbili za dhahabu za Mfalme George kwenye kidani, sonara kazichomelea vikuku vya kupitishia mkufu. Nilipozipeleka kupimwa hapa niliambiwa zina alama ya kuchomelewa, basi thamani yake ni ya dhahabu tu. Sikulia, kwa sababu kidani kile siuzi. Ila Mama Neema, kwa masonara wa Muscat utapata jibu hilo hilo. Sonara anajua mizani na jiwe la kujaribia. Hana mteja wa kumuuzia mwaka na herufi. Mwambie mdogo wako ahsante.

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Shikamoo Mzee Kombo. Nimetazama na kioo mpaka macho yamechoka. Ya 1911 haina D, ni tupu kabisa. Ya 1909 ina D, ya 1901 ina S. Ya 1876 ina herufi mbili chini ya tai, na nimemwita Neema atazame ili nisijidanganye. Ni CC.

Kutoka: Mzee Kombo, Dallas

Marahaba mwanangu. Nimesimama nikakaa tena.

Za Carson City za mwaka huo zilipigwa 138,441, kwa hiyo si kati ya zile za ajabu. Ile ya 1870 yenye CC ndiyo mfalme, zilipigwa 3,789 tu, na leo ni mali ya matajiri. Lakini hata yako, ikiwa haijasafishwa, iko juu ya dhahabu yake kwa pengo la maana.

Fanya hivi. Kupima kunagharimu, na ada hupanda kadiri sarafu inavyokuwa na thamani, kwa hiyo usipeleke zote. Peleka ya CC, ile ya 1904 ambayo hukuigusa, na ya 1901. Ya 1909 yenye D ilipigwa zaidi ya milioni 3.4, ikilika kidogo namba haikuongezei kitu. Iliyosuguliwa na ile ya 1911 ziache. Wapimaji wanaoaminiwa sokoni ni PCGS wa California, walioanza kazi 1986, na NGC wa Florida, walioanza 1987. Hupima, huifunga sarafu kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba, na namba hiyo unaikagua kwenye tovuti yao. Nakuelekeza kwao kwa sababu dola 20 za bandia zipo tele, na nyingine zimetengenezwa kwa dhahabu ya kweli, hivyo mizani haikusaidii. Tuma kwa posta ya rejista yenye bima, ndiyo njia ya polepole na salama.

Zikirudi, usikimbilie orodha ya bei. Orodha ni matumaini ya muuzaji. Fungua kumbukumbu za minada ya Heritage, Stack's Bowers na GreatCollections, tafuta mwaka ule ule, herufi ile ile, daraja lile lile, mauzo ya miezi michache iliyopita. Ya 2019 yapite, dhahabu ilikuwa chini ya nusu ya leo. Kisha uangalie unasoma bei gani. Nyundo ikigonga kwenye dola 1,000, mnunuzi huongezewa ada, mara nyingi sehemu moja ya tano, akalipa 1,200, na kumbukumbu nyingi huonyesha hiyo 1,200. Wewe unalipwa kutokana na ile 1,000. Wengine bado humkata muuzaji ada juu yake, lakini kwa sarafu nzuri hilo hujadiliwa. Mpatane kwa maandishi kabla hujakabidhi.

La kodi ni muhimu kuliko unavyodhani. Mali ya urithi huhesabiwa kwa thamani ya siku marehemu alipofariki, wala si zile dola 20 za bibi. Pata tathmini ya maandishi yenye tarehe hiyo. Faida itakayozidi hapo ndiyo inayotozwa, na kwa vitu vya wakusanyaji kiwango cha juu ni asilimia 28. Bima ya nyumba nayo mara nyingi hukomea dola 200 kwa sarafu na dhahabu. Usilale nazo ndani.

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Wapendwa, nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nije na jambo kamili.

Zimerudi. Ya CC imepata AU 53. Ya 1904 ni MS 62, na ya 1901 ni MS 63. Nilipofungua ile bahasha mikono ilitetemeka, Neema ndiye alinisomea.

Ya CC niliiweka mnadani. Nyundo ikagonga dola 4,600, na nilikuwa nimepatana nao mapema wasinikate chochote, kama ulivyoniambia mzee. Ya 1904 iliyosuguliwa na ya 1909 nilimuuzia mfanyabiashara kwenye maonyesho ya sarafu, baada ya kuzungukia meza nne. Wa kwanza alianza kwa asilimia 88 ya thamani ya dhahabu, wa nne akafika 97. Yule kijana wa mizani nilimpitia dukani siku hiyo hiyo nikamwonyesha hesabu ya karati 21.6. Alitazama pembeni. Nimeona niandike hapa ili wenzangu wenye vidani na sarafu za urithi wajue gramu na karati kabla ya kuvuka mlango kama ule.

Ya 1904 nzima na ya 1901 ziko kwenye sanduku la benki, na nimezikatia bima ya peke yake kwa sababu nimeambiwa sanduku la benki halina bima ya serikali kama akaunti. Ile ndogo ya 1911 ameiomba Neema, na ameshajifunza kuishika kwenye ukingo.

Mzee Kombo, tathmini ya tarehe ya msiba ninayo, na risiti ya mnada na ya mfanyabiashara wa meza ya nne nimeziweka kwenye bahasha moja. Mhasibu nitamwona Februari. Akinibishia kuhusu ile 28 nitakupigia nikiwa nimekaa mbele yake.