Yanmar 2GM20 inasumbua kuwaka asubuhi, ikipata moto inawaka mara moja

Mwambao:
Wakuu, salaam. Ninayo Yanmar 2GM20, silinda mbili, kwenye boti ya fiberglasi hapa Tanga. Asubuhi napiga selfu sekunde 10, napumzisha, narudia, mpaka mara ya nne au ya tano ndipo inashika. Inatoa moshi mweupe kama dakika moja, kisha unakata. Mchana kutwa ukigusa tu inawaka. Filta zote mbili ni mpya, betri inasoma volti 12.6. Kinachonishangaza ni hiki: tangi likijaa tatizo karibu halipo, likishuka chini ya nusu linarudi. Fundi anataka tubadilishe nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) na ringi za pistoni. Ni lazima?

FundiNozeli:
Mkuu, usinunue kitu bado. Injini hii haina plagi za kupasha, inategemea kompresheni tu, yaani joto la hewa inayobanwa ndani ya silinda, 23 kwa 1. Kwa joto letu la pwani, hata asubuhi za kusi, injini nzima haihitaji zaidi ya sekunde chache za selfu. Kwa hiyo tusiisingizie baridi.

Kabla ya jaribio lolote, funga valvu ya maji ya bahari. Ukipiga selfu mara nyingi bila injini kuwaka, pampu inaendelea kusukuma maji kwenye sailensa, na hakuna moshi wa kuyatoa nje. Yakijaa yanarudi kupitia ekzosi hadi kwenye silinda, na hapo umeua injini kwa kosa dogo. Ikishika tu, fungua valvu papo hapo kabla impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu ya maji, haijaungua.

Sasa mwambie mtu aangalie ekzosi wakati selfu inazunguka, KABLA haijashika. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui: kompresheni ndogo, nozeli inayodondosha, au selfu inazunguka polepole. Pasipo moshi kabisa, dizeli haijafika kwenye nozeli. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Angalia pia kamba ya kuzimia: isiporudi mpaka mwisho, pampu ya nozeli inabaki imefungwa nusu.

Demani:
Naongeza upande wa umeme. Hiyo 12.6 ni ya betri iliyopumzika, haisemi lolote kuhusu nguvu yake. Pima selfu ikizunguka: kwenye vichwa vya betri isishuke chini ya 10 hivi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, piga selfu. Ukiona zaidi ya 0.5, waya wa hasi umeoza kwa chumvi, hata kama kwa nje unang'aa.

Mwambao:
Nimepima leo alfajiri. Selfu ikizunguka betri 10.6, upande wa hasi 0.2. Mara tatu za kwanza hakuna moshi hata kidogo, mara ya nne ukaanza mweupe, ikashika.

FundiNozeli:
Basi ringi na nozeli ziache. Dizeli inarudi kwenye tangi usiku, na hilo la tangi kujaa ndilo linaloeleza kila kitu. Tangi likijaa, mafuta yako juu kuliko pampu ndogo ya mafuta, ile inayovuta dizeli kutoka tangini, kwa hiyo penye ufa panalowa tu. Likishuka, bomba zima linakuwa la kuvuta, na ufa uleule unaingiza upepo bila kudondosha hata tone. Ndiyo maana huoni uvujaji.

Thibitisha hivi: chukua dumu safi la lita 5, lining'inize nusu mita juu ya injini, vuta mpira unaoonyesha ndani mpaka kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu ndogo. Toa upepo, washa dakika 15, zima, liache limeunganishwa usiku kucha. Asubuhi ikishika mara moja, kosa liko kati ya tangi na pampu ndogo.

Kutoa upepo kunafuata mtiririko: skrubu ya juu ya filta ya injini, kisha skrubu ya pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli. Pampia kile kiwiko cha mkono cha pampu ndogo mpaka povu liishe. Kiwiko kikiwa legelege, kemu (shafti ya injini inayosukuma pampu hiyo) imekishika. Zungusha injini mzunguko mmoja. Nati za nozeli zilegeze nusu mzunguko tu, wenzo wa mafuta uwe mbele kabisa, piga selfu mpaka dizeli iteme pande zote mbili, kaza.

Demani:
Mimi ningeanza na valvu ndani ya pampu ndogo yenyewe, nayo ikichoka inarudisha mafuta. Fungua mpira wa kuingilia, ziba mdomo kwa kidole, pampia: mvuto ubaki umeng'ang'ania kidole sekunde kadhaa. Chungulia na kijiti cha oili; oili ikipanda na kunuka dizeli, daiframu, ile ngozi ya mpira ndani ya pampu ndogo, imepasuka. Usiwashe mpaka uibadilishe na kumwaga oili.

Mwambao:
Pampu inashika kidole vizuri, oili iko sawa. Kwa dumu, leo imeshika papo hapo. Je, nikifunga valvu ya kuzuia mafuta kurudi si yatosha?

FundiNozeli:
Hapana kaka. Itaficha ufa, na siku bahari imechafuka na tangi liko robo, upepo utaingia injini ikiwa inafanya kazi. Tafuta penyewe. Zile washa (vipete bapa) za shaba kwenye bolti zenye tundu la kupitisha mafuta, ukizirudishia bila kuzilainisha hazibani: zipashe mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zisugue, au weka mpya. Usifunge tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nyuzi zake zinaingia kwenye pampu ya nozeli. Kwenye filta inayotenga maji na dizeli, tazama mpira wa kifuniko: mara nyingi filta mpya inafungwa na mpira wa zamani, au mipira miwili inabanana.

Hapo pakiwa safi, chomoa bomba la kuvutia lililozama tangini. Ziba ncha ya chini, lizamishe kwenye ndoo ya maji na upulize. Hupata tundu dogo sehemu ya juu, karibu na pale lilipochomelewa.

Mwambao:
Mipira ya filta ilikuwa miwili, wa zamani umebaki ndani. Nimeutoa, nimebadilisha na washa zote. Kesho najaribu na tangi likiwa robo.

FundiNozeli:
Sawa. Dumu na mpira visiondoke botini mpaka iwake asubuhi tatu mfululizo.