Uliyewahi kupakiwa na dereva wa mbio za magari, tupeane uzoefu

Mwana Kuze: Ndugu zangu, naanza mimi. Kakangu ni makanika, na gereji yao ilikuwa ikitengeneza gari la kushiriki Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Siku ya kulijaribu dereva akaniita nikae kiti cha mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia. Tukaingia barabara ya vumbi nyuma ya Kinango.

Mbio zenyewe hazikunitisha. Kilichonitisha ni breki. Kona inakuja, mimi nishakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, yeye bado anaongeza moto. Akashika breki ghafla, shingo ikavutwa mbele na ile helmeti nzito, na kabla hatujafika konani gari lishageuka, linakwenda ubavu. Barabara nikawa naiona kwenye dirisha la mlangoni! Nikamtazama mikono: imetulia kabisa. Macho yako kule mbali njia inakopotelea. Niliposhuka, miguu haikuwa na nguvu, nikakaa chini ya mbuyu nusu saa nzima.

Haya, na nyinyi?

Binti Likoni: Mimi nilitapika, lakini si hilo linaloniuma. Walionipandisha hawakunipima helmeti. Kila tukiruka tuta inanishukia machoni, nusu ya safari sikuona kitu. Ukialikwa, hakikisha imekukaa sawasawa kabla injini haijawashwa.

Daftari la Kona: Pole sana dada. Mimi nimekuwa mwelekezi misimu miwili. Abiria huogopa kwa kuwa hajui njia. Sisi tulishaipita polepole wakati wa rekii, yaani kukagua njia kabla ya mashindano, tukaandika kila kona kwa namba. Kwetu moja ni kona kali kabisa, sita ni ile ya kupita kwa kasi. Mashindanoni macho yangu yako kwenye daftari, nje naangalia kidogo sana. Najua tulipo kwa mwili, gari linavyoinama na kupanda. Siku moja niliruka mstari mmoja tukaishia kichakani. Kosa langu. Dereva hakunigombeza, alirudisha gari njiani akasema, "Anzia pale juu." Mpaka leo nikikumbuka sauti yake machozi hunilenga.

Mzee wa Tudor: Wanangu, Safari Rally ya zamani, ile iliyoanza 1953, ilipita barabara zisizofungwa. Malori, ng'ombe, watu wa sokoni, wote njia moja. Ndiyo sababu baadaye timu kubwa zikarusha helikopta kumwonya dereva kilicho mbele. Ilipoteremka Pwani tulikuwa tukisimama kando ya njia kumngoja Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976.

Mbioni sijapanda. Ila niliwahi kupewa lifti kutoka Voi na dereva mstaafu, pikapu ya kawaida, hazidi themanini. Hadi Mazeras sikuhisi breki hata mara moja. Lori bado liko mbali, yeye keshaachia mafuta. Nikalala, nami silali garini.

Mwana Kuze: Shikamoo mzee. Wallahi hivyo hivyo! Siku ile tukirudi, yule dereva alipokanyaga lami tu akawa mtu mwingine. Pale Changamwe tuktuk ilituchomekea, akaipisha, akaendelea kunieleza habari za springi.